Mbona mdogo wangu anafika juu ya kamba, mimi nakwama?

Mwanafunzi wa Tanzania anazijua kamba za kila namna. Kuna kamba ya kuruka wakati wa mapumziko. Kuna kuvuta kamba, mchezo ambao hata watumishi wa serikali huushindania kwenye michezo ya SHIMIWI mpaka watu wazima wanaanguka chali. Kuna kamba ya kuanikia nguo, ya kufungia mbuzi, ya kubana mizigo juu ya basi la kwenda Ifakara. Lakini kamba ya kupanda? Ile inayoning'inia tu, nawe unaambiwa haya, panda mpaka juu uguse tawi? Hapo wengi wetu tunatazama pembeni.

Tumeamua kuizungumzia kamba hiyo kwa sababu ya karatasi moja tuliyoikuta kwenye sanduku la maswali la klabu ya afya, katika shule moja ya sekondari huku Chita. Mwalimu wa michezo wa shule hiyo amefunga kamba nene kwenye mwembe ulio kando ya uwanja. Mwandishi wa karatasi anasema hivi: yeye ni mvulana wa Kidato cha Tatu, ana nguvu, gunia la mpunga analibeba. Mdogo wake yuko darasa la nne na anaipanda kamba ile kama tumbili. Yeye akifika katikati anakwama, mikono inatetemeka, wenzake wanacheka. Mwisho anauliza: "Je, nina ugonjwa?"

Kaka, kwa hayo uliyoyaandika, hapana, huna ugonjwa. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ndilo somo letu la leo, na ndani yake limo jambo moja ambalo si la kuchekea hata kidogo. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, na wewe usikwame katikati.

KAMBA YENYEWE ILITOKA WAPI?

Watu walipanda kamba kwa kazi kabla hawajaipanda kwa mchezo. Baharia wa jahazi hupanda mlingoti. Mkwezi wa minazi kule pwani hufunga kitanzi cha kamba miguuni apate kulibana shina. Kuifanya kamba kuwa somo la shule ni jambo la Ulaya ya karne ya 19. Mwaka 1811 mwalimu mmoja wa Kijerumani, Friedrich Ludwig Jahn, alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo mjini Berlin, na vifaa vya kupanda vilikuwa sehemu ya mazoezi yake. Baadaye mazoezi hayo yakaingizwa ndani ya kumbi, hizi ambazo mitaani tunaziita jimu, na watoto wa shule wa Ulaya na Marekani vizazi kwa vizazi wakapangwa mstari chini ya kamba.

Ulikuwa hata mchezo wa Olimpiki! Mwaka 1896 mjini Athens kamba ilikuwa na urefu wa mita 14. Mashujaa waliokuja kushindana walikuwa wachache, na waliofika juu kabisa walikuwa wawili tu, Wagiriki wote. Mshindi, Nikolaos Andriakopoulos, alitumia sekunde 23.4. Mchezo huo ulionekana kwenye Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1932. Kwa hiyo, kaka yangu wa Kidato cha Tatu, ukikwama katikati ya kamba ujue hata wanamichezo wa Olimpiki walikwama.

Kwetu shule nyingi hazina jimu, na mwembe unatosha. Mahali ambapo vijana wengi wa Tanzania wameijua kamba ni Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mpango wa kuwapeleka kwa lazima vijana wanaomaliza Kidato cha Sita ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Hapa Chita, chini ya milima ya Udzungwa, kuna kambi yake, na wakazi wanaifahamu zaidi kwa mashamba yake ya mpunga. Lakini muulize yeyote aliyepita JKT, kambi yoyote ile, kuhusu vikwazo. Utaona anavyotabasamu huku anajishika mabega.

MDOGO WAKO ANA SIRI GANI?

Siri yake ni kwamba ni mdogo. Tutumie hesabu kidogo, hii ni ya Kidato cha Kwanza.

Chukua mtoto mwenye urefu wa mita 1.2. Fikiria anakua mpaka mita 1.5, na mwili wake wote unatanuka kwa kiwango hicho hicho: urefu, upana na unene. Amezidishwa kwa 1.25. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo unaloliona ukiukata kama mkate. Eneo huongezeka kwa 1.25 mara 1.25, karibu 1.56. Lakini uzito huongezeka kwa pande zote tatu: 1.25 mara 1.25 mara 1.25, ambayo ni karibu 1.95. Umeona? Nguvu imeongezeka mara moja na nusu, mzigo umekaribia mara mbili. Kwenye gunia la mpunga wewe unamshinda mdogo wako kwa mbali, maana gunia halikui. Kwenye kamba mzigo ni wewe mwenyewe.

Mwili wa binadamu si sanduku, kwa hiyo hesabu hii haiwi sawasawa kabisa kwa kila mtu. Lakini sababu ni hiyo hiyo inayomwezesha siafu kubeba kitu kizito kuliko yeye, wakati tembo hawezi kumbeba tembo mwenzake.

Halafu kuna balehe. Wasichana huanza kurefuka kwa kasi mapema, kwa wastani miaka miwili hivi kabla ya wavulana. Mvulana anapoanza kurefuka, mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Kuna kipindi, kwa wengine miezi, kwa wengine mwaka mzima, mikono ni mirefu kama ya nyani lakini nguvu bado haijafika. Unajikwaa, unaangusha vikombe, mama anauliza una nini wewe. Huna kitu. Nguvu inakuja. Mvulana akiongezeka homoni ya testosteroni misuli hunenepa, na kijana aliyeshindwa akiwa na miaka 14 anaweza kupanda vizuri akiwa na 17 bila kuelewa nini kimebadilika.

Kwa hiyo kuwapanga wanafunzi wa Kidato cha Pili mstari mmoja na kuwapima kwa kamba moja ni sawa na kupima mahindi yaliyopandwa wiki tofauti. Kuna aliyebalehe juzi na kuna aliyemaliza kurefuka. Hawa wako darasa moja tu, miili yao haiko darasa moja.

VIDOLE HAVINA MISULI

Jaribu hili sasa hivi. Kwa mkono wa kushoto shika mkono wako wa kulia kati ya kiwiko na kifundo. Sasa kunja ngumi ya kulia kwa nguvu, fungua, kunja tena. Unasikia kitu kinacheza chini ya ngozi? Hiyo ndiyo misuli inayokunja vidole. Vidole vyenyewe havina misuli ya kujikunja. Vinavutwa kwa mishipa migumu inayopita kwenye kifundo, kama vibaraka wa kwenye maonyesho wanavyovutwa kwa nyuzi.

Unapoishika kamba kwa nguvu bila kupumzika, misuli hiyo hukaza kiasi cha kubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu hupita kwa shida, oksijeni inapungua, uchafu wa kazi unajikusanya. Mkono unaanza kuwaka, halafu unatetemeka, halafu vidole vinafunguka vyenyewe hata kama moyo unasema tuendelee. Ndugu yetu wa Kidato cha Tatu alidhani kutetemeka ni ugonjwa. Kumbe ni misuli inaomba damu.

Dawa ya hali hiyo ni mbili: kuizoesha mikono, na kuipunguzia kazi. Kuizoesha ni rahisi. Ning'inia kwenye tawi la chini, miguu ikiwa hatua moja tu kutoka ardhini, hesabu polepole mpaka 10, shuka, pumzika, rudia mara tatu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, siku nyingine uache misuli ijijenge. Baada ya hapo lala chali chini ya kamba, ishike, jivute mpaka usimame ukiwa umenyooka kama ubao. Wengi huona tofauti ndani ya wiki chache.

Kuipunguzia mikono kazi ndilo jambo ambalo walimu wengi wanasahau kulifundisha.

"MIGUU, KURUTA, MIGUU!"

Sekondari nilikosoma mimi, mwalimu wa michezo alituonyesha kamba na kutuambia pandeni. Basi. Aliyeweza aliweza. Nilivuta kwa mikono mpaka nikaishiwa, nikashuka, nikaandikiwa sifuri, na kwa miaka minne niliamini kwamba mimi na kamba hatupatani.

Kisha nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria. Afande mmoja wa kike, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliniangalia nikining'inia pale na kupiga kelele: "Miguu, kuruta, miguu! Mikono ni ya kushikia, miguu ndiyo ya kupandia!" Alinishusha, akanionyesha kwa dakika tano. Asubuhi hiyo hiyo niligusa juu.

Alichonionyesha ni hiki. Ishike kamba kwa mikono miwili juu ya kichwa. Kamba iache ishuke upande wa nje wa mguu wako wa kulia. Kwa mguu wa kushoto ichote kamba kutoka chini ya unyayo wa kulia, uiinue mpaka ilale juu ya mguu wa kushoto. Sasa kanyaga kamba hiyo kwa unyayo wa kulia, uibane kati ya miguu miwili. Umeshajitengenezea ngazi! Ukinyoosha magoti, mapaja yako, ambayo ni misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ndiyo yanayokuinua. Ukishasimama, hamisha mikono juu, kunja magoti kuelekea kifua, bana tena, simama tena. Anayetumia kushoto abadilishe pande. Mara ya kwanza jifunze ukiwa umekaa kwenye benchi, miguu iijue kamba kabla hujaondoka ardhini.

Kushuka ni kazi pia. Shuka mkono chini ya mkono, miguu ikilegeza kidogo kidogo. Ukiteleza kama zimamoto wa kwenye sinema, kamba itakuchubua viganja, na jeraha lake ni la moto kweli, kwa sababu msuguano huzaa joto. Fizikia haina urafiki.

Watakaosema kwamba bila miguu haiwezekani, wamsikie George Eyser. Alikuwa mfanyakazi aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mti. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1904 mjini St. Louis alishinda medali sita kwa siku moja, tatu za dhahabu, na mojawapo ya dhahabu hizo ilikuwa ya kupanda kamba. Kwa hiyo ukiwa na mwenzio mwenye ulemavu wa mguu, usimwambie akae pembeni atunze mashati ya wenzake. Muulize kwanza.

JAMBO LISILO LA KUCHEKA

Sasa tufike pale nilipokuwa naelekea. Kuna anayekwama kwa sababu hajui miguu. Kuna anayekwama kwa sababu mwili unarefuka. Na kuna anayekwama kwa sababu hana damu ya kutosha, na huyu ndiye tunayemwita mvivu.

Katika darasa letu la Kidato cha Pili alikuwepo msichana mmoja, mpole, mrefu. Siku ya kamba alijivuta mara mbili, akaachia, akakaa chini anahema kama mtu aliyekimbia kilomita tano. Darasa zima lilikuwa limeketi linatazama. Mtu mmoja akasema "gunia". Jina likashika. Kuanzia hapo kila siku ya michezo alikuwa anaumwa kichwa, na mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba hapendi kujituma. Ilipita zaidi ya miezi mitatu. Siku moja alianguka kwenye mstari wa asubuhi, tukampeleka zahanati. Muuguzi alimvuta kope la chini, akaangalia, akamwangalia usoni. Akapimwa damu. Ilikuwa gramu 7. Yule mama alimwambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, wewe huna uvivu. Huna damu."

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye misuli. Ndani yake kuna hemoglobini, ambayo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Kipimo cha damu kinahesabu gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Msichana asiye na mimba akiwa chini ya 12 ana upungufu. Mvulana wa miaka 15 na zaidi akiwa chini ya 13, naye anao. Yule rafiki yetu wa 7 alikuwa anabeba oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya anayostahili, na bado tulimtaka apande.

Damu inakwenda wapi? Huku bonde la Kilombero sababu haziko mbali. Malaria huvunja chembe nyekundu, na anayeugua mara kwa mara hapati nafasi ya kuzirudisha. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu ya anayetembea pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, hufika kwenye utumbo na kukaa humo ikinyonya. Kichocho, ugonjwa wa maji ya mito na majaruba, nacho humwaga damu kidogo kidogo. Chakula nacho. Wali mtupu asubuhi, mchana na jioni hushibisha, lakini chuma chake ni kidogo. Na wasichana wanapoteza damu kila mwezi kwa hedhi, tena katika umri ule ule ambao mwili unadai chuma zaidi ili ukue.

Jichunguze. Unachoka upesi kuliko zamani? Moyo unakwenda mbio ukipanda kilima kidogo? Unasikia kizunguzungu ukiinuka? Ndani ya kope, viganja na ulimi vimepauka? Unatamani kula udongo au barafu? Hizi hazitoshi kukuambia una upungufu wa damu, lakini zinatosha kukupeleka zahanati. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Kuna anayehitaji dawa ya minyoo, kuna mwenye malaria, kuna anayehitaji vidonge vya chuma kwa miezi kadhaa hata baada ya kujisikia vizuri.

Na kuna mwenye sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika wataalamu. Huyu amezaliwa na chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na hali hii. Anaweza kufanya mazoezi mepesi, lakini kuchoka kupita kiasi, kukaukiwa maji na baridi vinaweza kumletea maumivu makali ya kumlaza hospitali. Mwenye sikoseli amweleze mwalimu wa michezo, na mwalimu amwamini. Neno "anajifanya" limeshaumiza watoto wengi.

Chakula kinasaidia kuzuia. Dagaa, samaki, nyama na maini ukibahatika, maharage, kunde, mchicha, matembele, kisamvu. Limau, chungwa au embe pamoja na chakula huusaidia mwili kukichukua chuma kilichomo kwenye mboga. Chai hukizuia, kwa hiyo usiteremshie maharage kwa chai. Kunywa maji, chai iache mpaka baadaye.

Rafiki yetu alikunywa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma kwa karibu muhula mzima. Kamba hakuipenda hata baada ya kupona. Alijiunga na netiboli, akacheza ulinzi, na kupita pale alipokuwepo yeye haikuwa mchezo.

"ETI MSICHANA AKIPANDA MTI HAUZAI TENA?"

Sanduku la maswali lilikuwa na karatasi nne zenye mambo haya, kwa miandiko tofauti. Nitajibu kwa mkupuo.

Mwembe haujui aliyeupanda ni nani. Utazaa. Kupanda kamba hakuharibu kizazi cha msichana, maana mji wa mimba umekaa ndani ya nyonga, umelindwa na mifupa, na hautikisiki kwa mikono kuvuta. Siku za hedhi unaweza kupanda kama unajisikia vizuri. Wengine huona tumbo linapungua kuuma wakifanya mazoezi, wengine wanataka kulala, na wote wawili wako sawa. Ukitokwa na damu nyingi sana, au zaidi ya siku saba, hilo ni la kumwona mhudumu wa afya, kwa sababu ile ile ya upungufu wa damu.

Ni kweli kwamba baada ya balehe wavulana kwa wastani hupata misuli mingi ya mabega na mikono kuliko wasichana, na mafuta ambayo mwili wa msichana huyaweka mapajani na kwenye nyonga ni ya kawaida, si uzembe. Lakini wasichana wa huku wanatwanga, wanasukuma bomba la maji, wanabeba ndoo mkononi. Ukiwapa mbinu ya miguu wanashangaza watu. Ombi langu kwa walimu ni dogo: msichana apande akiwa na suruali au bukta ya michezo, si sketi, na wavulana wasipangwe chini yake kutazama. Wengi wanaokataa kamba hawaogopi kamba.

MKITAKA KUIFUNGA SHULENI KWENU

Msiifunge wenyewe. Awepo mwalimu. Tawi liwe bichi, nene kuliko paja la mtu mzima, la mti mgumu. Mpapai si mti wa kuamini, na tawi la mwembe lenye ufa au lililooza ndani ni hatari hata likionekana nene. Angalieni nyuki kabla ya kuangalia kitu kingine chochote! Watu wazima watatu wajaribu kuning'inia pamoja kabla ya mwanafunzi wa kwanza.

Kamba ya katani, nene kiasi cha kujaza kiganja, ni nzuri kwa kushika. Katani tunayo, mkoa wetu wa Morogoro unailima, na mbegu yake ililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kamba nyembamba ya nailoni inateleza na inakata viganja. Kila wiki ikagueni pale inaposuguana na tawi, maana katani huoza kwa mvua na huliwa taratibu. Ikiwa imelowa, hakuna kupanda, na huku Chita masika hayachezi.

Kimo cha mita tatu kinatosha kabisa kujifunzia. Chini mwageni mchanga au pumba za mpunga, tabaka nene la kufika kwenye magoti. Mashine za kukoboa ziko kila mahali bondeni na pumba ni mlima. Apande mmoja mmoja. Na wengine wasikae kama kwenye sinema: wapeni zoezi lao, wakimbie, waruke, kila mtu ashughulike. Mwanafunzi anayepanda bila kutazamwa na macho 40 anapanda vizuri zaidi. Nimeliona hilo huku mara nyingi.

Mkono ukichubuka, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Jeraha likiwa na udongo, nenda zahanati waulizie chanjo ya pepopunda. Mkono ukivimba na kupinda baada ya kuanguka, usiuvute wala kuukanda. Ufunge kwenye kipande cha ubao au gazeti lililokunjwa, jinsi ulivyo, uende kituoni.

Aliyeanguka na kulalamika shingo au mgongo, au asiyesikia miguu yake, asiinuliwe kuketi na asipewe maji. Kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja, mtu mmoja akishika kichwa kisigeuke. Abebwe na watu wanne au watano juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa. Najua usafiri wetu ni bodaboda. Lakini mgonjwa wa mgongo si wa kupakiwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, hata kama haraka ni kubwa kiasi gani. Tafuteni gari, pigeni simu kituo cha afya, subirini naye. Wengi wa namna hii huishia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na namna walivyobebwa njiani huamua mengi kabla daktari hajawaona.

Jioni kamba ifunguliwe au ipandishwe juu ya tawi mahali ambapo mkono haufiki. Watoto wadogo hupita uwanjani wakitoka kuchunga, na kamba inayoning'inia bila mkubwa ni kitanzi kwao. Mpangiane zamu, jina liandikwe ubaoni kama zamu ya kufagia darasa.